Sakinisha, sasisha, pandisha toleo

Sakinisha (kitenzi elekezi): weka programu au mfumo endeshi ndani ya kompyuta ili ukae humo na kufanya kazi.

Sasisha (kitenzi elekezi): ongezea mfumo uliopo marekebisho mapya bila kuubadilisha toleo.

Pandisha toleo (kirai kitenzi): toa mfumo katika toleo la zamani na kuupeleka katika toleo jipya la mfumo uleule.

Vitenzi hivi vimewekwa pamoja kwa sababu katika ofisi nyingi za Tanzania hutumiwa kana kwamba ni kimoja. Kwa mtu mwenye kompyuta moja nyumbani, mchanganyiko huo hausumbui sana. Katika taasisi yenye mashine arobaini, matokeo yake ni faili zilizopotea, bei iliyokadiriwa vibaya, au mashine zilizobaki bila kinga huku kila mtu akiamini kwamba zimeshughulikiwa.

Mvumi, iliyoko wilaya ya Chamwino kusini-mashariki mwa jiji la Dodoma, inafaa kuwa mfano. Hapo kwenye misheni ya Kianglikana pana hospitali, shule ya sekondari na chuo cha afya. Lugha ya nyumbani kwa wengi ni Cigogo, ya kazini ni Kiswahili, na ya kioo cha kompyuta mara nyingi ni Kiingereza. Habari ya kiufundi huvuka mipaka miwili kabla ya kumfikia anayehusika, na kila mpaka hutoza ushuru wake, kama watemi wa Ugogo walivyotoza hongo misafara ya karne ya 19 iliyopita njia hiyohiyo.

Kupiga windo

Hiki ndicho kitenzi kinachotumika zaidi mitaani, na makamusi mengi hayakitaji. Kimetokana na Windows, jina la mfumo endeshi wa kampuni ya Microsoft, lakini kimekwisha kuwa cha jumla: fundi anaweza "kupiga windo" hata pale anapoweka mfumo wa kampuni nyingine.

Kisarufi, kirai hiki kimefuata mkondo wa zamani. Kitenzi *piga* kikifuatwa na nomino ya kitu au zana hupoteza maana yake ya kuchapa na kubeba maana ya nomino hiyo: piga simu, piga picha, piga mswaki. Ndani ya kundi hilo kuna tawi dogo linalohusu kutandaza kitu juu ya eneo zima: piga rangi, piga lipu, piga pasi, piga deki. Kupiga windo kimeingia katika tawi hili. Ukuta uliopigwa rangi hauonyeshi tena rangi ya kwanza, na sakafu iliyopigwa deki haibaki na vumbi la jana. Fundi anapopiga windo, kwa kawaida huifuta diski kwanza, kisha huweka mfumo upya. Kitenzi chenyewe kinasema ukweli, ila msikilizaji asiyejua kazi hiyo hana njia ya kuusikia.

Mazungumzo ya mfano hapa chini ni ya aina inayoweza kutokea katika ofisi yoyote ya uhasibu:

— Shikamoo, mama. Nimetumwa kuja kupiga windo.
— Marahaba, mwanangu. Vitu vyangu vitakuwepo?
— Vitakuwepo vyote, mama, usiwe na wasiwasi.

Hakuna aliyesema uongo. Kwa fundi, "vitu" ni programu: ya kuandikia, ya hesabu, ya kuendeshea printa. Kwa mama mhasibu, "vitu" ni madaftari ya ada na mishahara ya miaka minne. Jioni mashine inawaka haraka kuliko ilivyowahi kuwaka, na madaftari hayamo. Neno lililopoteza faili hizo si la kiufundi hata kidogo. Ni *vitu*, lililopita bila kuulizwa kwa sababu kitenzi kilichotangulia hakikuonya.

Kwa maandishi rasmi, makala hii inapendekeza kirai hiki kiachwe kibaki katika mazungumzo, na mahali pake paandikwe waziwazi: *kufuta diski na kusakinisha mfumo endeshi upya*. Ni kirefu, lakini neno *kufuta* limetangulia, na ndilo linalopaswa kusikika kwanza.

Sakinisha na simika

*Sakinisha* ni usababishi wa *sakini*, yaani kukaa au kuishi mahali, neno lenye asili ya Kiarabu linaloshiriki mzizi na *maskani*. Kusakinisha programu ni kuipa maskani ndani ya mashine. Neno lilianza likionekana la kitabuni, lakini violesura vya Kiswahili vya simu janja vimelieneza kiasi kwamba leo mwanafunzi wa kidato cha kwanza hulibonyeza bila kufikiri.

*Simika* ni neno la ofisi za umma: "usimikaji wa mifumo ya TEHAMA" ni kichwa cha habari cha kawaida katika taarifa zao. Maana yake ya asili ni kusimamisha kitu kiwe wima na imara, kama nguzo au mlingoti, na kwa upanuzi kumweka mtu katika cheo: mtemi husimikwa, askofu husimikwa. Katika Mvumi, iliyo ndani ya Dayosisi ya Central Tanganyika, maana hiyo ya pili ndiyo inayosikika haraka zaidi. Ni vema *simika* litunzwe kwa kazi kubwa inayofanywa mara moja na kwa taasisi nzima, kama kuweka seva na mtandao wa ndani, na *sakinisha* libaki kwa programu moja katika mashine moja. Hausimiki printa.

Sasisha, na neno kiraka

*Sasisha* limeundwa kwa kuambika kiambishi cha usababishi kwenye *sasa*. Kiswahili huunda vitenzi vya namna hii kwa urahisi zaidi kutokana na vivumishi: fupi na fupisha, rahisi na rahisisha, sahihi na sahihisha. Kuanzia kwenye kielezi cha wakati ni jambo adimu, na wapo walioliona neno hili kuwa la kulazimishwa. Limeshinda, na limestahili kushinda, kwa sababu linasema kitu kimoja tu: fanya iwe ya sasa.

Tatizo ni kwamba linabebeshwa mizigo miwili. Hutumika kwa marekebisho madogo yanayokuja kila mwezi na pia kwa kuhama kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Tofauti ya mambo hayo mawili ilionekana kwa gharama kubwa nchini Uingereza mwaka 2017. Tarehe 14 Machi Microsoft ilitoa rekebisho la kuziba ufa katika mifumo yake. Tarehe 12 Mei programu haribifu iitwayo WannaCry ilipitia ufa huohuo, ikafunga kompyuta katika nchi nyingi, na hospitali za umma za Uingereza zikawa miongoni mwa walioumia zaidi: maelfu ya miadi ya wagonjwa ilifutwa. Sehemu kubwa ya mashine zilizonaswa zilitumia Windows 7, toleo lililokuwa bado linatunzwa na mtengenezaji wake. Hazikuhitaji kupandishwa toleo. Zilihitaji kusasishwa, na muda uliokuwepo ulikuwa miezi miwili kasoro siku mbili.

Rekebisho moja la aina hiyo huitwa *sasisho* (wingi *masasisho*) au *kiraka*. Kiraka ni neno sahihi kabisa, la picha iliyo wazi: nguo imetoboka mahali pamoja, pakashonewa kipande. Hata hivyo ofisi nyingi hulikwepa. Kiraka kwenye nguo ni alama ya uhaba, na viraka vya barabarani havijawahi kumpendeza dereva. Mkuu wa taasisi anayesoma kwamba kompyuta zake "zimewekwa viraka" anaweza kudhani ameuziwa mitumba. Kwa hiyo *sasisho la usalama* linafaa zaidi katika barua, na *kiraka* kati ya mafundi wenyewe.

Kauli rejeshi nayo ina kazi hapa. Mifumo ya leo *hujisasisha*, mara nyingi usiku au mashine inapozimwa. Mtumiaji anayekuta ujumbe wa kumtaka asubiri huona kompyuta "imegoma", anachomoa waya, na sasisho linakatika katikati. Umeme ukikatika wenyewe matokeo ni yaleyale. Tangazo la kubandika ukutani lisiseme "usizime kompyuta" tu, bali: *Kompyuta inajisasisha. Isubiri imalize, hata ikichukua saa nzima.*

Pandisha toleo, si pandisha daraja

Maneno mawili yanayoshindana na *pandisha toleo* ni *boresha* na *pandisha daraja*. *Boresha* halitoshi, kwa kuwa kila kitu huboreshwa: huduma, vyoo, mitaala. *Pandisha daraja* lina kasoro nyingine. Katika utumishi wa Tanzania ni watu wanaopandishwa daraja, mshahara ukipanda pamoja nao, na ni zahanati inayopandishwa hadhi kuwa kituo cha afya. Waraka usemao "kompyuta za idara ya maabara zimepandishwa daraja" utasababisha mzaha wa wiki nzima miongoni mwa watumishi ambao wao wenyewe wanasubiri kupandishwa.

*Toleo* limekaa vizuri. Magazeti na vitabu vimelizoesha, na linaeleza kwamba kitu ni kilekile kilichotolewa upya. Mfumo endeshi una matoleo, na kila toleo lina umri. Windows XP iliacha kutunzwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Hapo ndipo tofauti ya vitenzi inapogeuka kuwa fedha. Kuisasisha Windows 10 kulihitaji intaneti na subira. Kuipandisha iwe Windows 11 hakuhitaji leseni mpya kwa mashine inayofaa, lakini mashine yenyewe lazima iwe na kichakato cha miaka ya karibuni na chipu ya usalama ya kiwango cha TPM 2.0. Kompyuta nyingi za mezani zilizopatikana kama zawadi au zilizonunuliwa zikiwa zimetumika hazina sifa hizo. Taasisi iliyoandika katika bajeti yake "kusasisha Windows, kompyuta 40" inaweza kugundua kwamba sehemu ya mashine hizo haiwezi kupandishwa kabisa, na kwamba ilichohitaji kuandika ni *kununua*.

"Msaada umekwisha"

Microsoft inapoacha kutoa masasisho kwa toleo fulani, tafsiri inayojitokeza haraka ni "mwisho wa msaada". Ni tafsiri mbaya kwa Tanzania, na mbaya zaidi kwa taasisi ya misheni. Pale ambapo majengo, vitanda na hata kompyuta vimewahi kutoka kwa wahisani, sentensi "msaada umekwisha tarehe 14 Oktoba" itaeleweka kuwa wafadhili wamejitoa. Msomaji atamtafuta mhasibu badala ya afisa TEHAMA.

Kinachokoma ni matunzo: mtengenezaji haangalii tena kama paa linavuja. *Mwisho wa matunzo ya toleo* ni kirai kinachoeleweka bila maelezo. Kinaruhusu pia kutaja kile ambacho Microsoft huuza baada ya tarehe hiyo, yaani *matunzo ya ziada ya kulipia*. Kwa Windows 10 bei iliyotangazwa kwa mashirika ni dola 61 kwa kila mashine katika mwaka wa kwanza, ikiongezeka maradufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu. Kwa taasisi za elimu zinazokidhi masharti, mwaka wa kwanza ni dola 1. Hospitali na shule zinaweza kutenganishwa na uzio tu, kila moja ikawa na mashine arobaini za aina ileile, na kwa masharti hayo ya kwanza ikadaiwa dola 2,440 na ya pili dola 40. Anayeandika maombi ya fedha anahitaji neno linalomwonyesha anachonunua. "Msaada" wa kulipia ni kichekesho. Matunzo ya kulipia ni jambo la kawaida.

Hamia, hamisha

*Hamia* hutumika mfumo unapobadilishwa kabisa, kwa mfano kutoka Windows kwenda Ubuntu, mfumo huria wa familia ya Linux ambao hauuzwi na ambao matoleo yake ya muda mrefu hutolewa kila baada ya miaka miwili na kutunzwa kwa miaka mitano. Mashine isiyoweza kuipokea Windows 11 mara nyingi inaweza kuipokea Ubuntu. Huko si kupandisha toleo: programu ni nyingine, na watumiaji hujifunza upya baadhi ya mambo.

Wakazi wa Dodoma hawahitaji kufundishwa kitenzi hiki. Uamuzi wa serikali kuhamia Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na msukumo mkubwa wa kuutekeleza ukaja kuanzia mwaka 2016. Katika miaka yote ya katikati lugha ilishika tofauti inayofaa hata kwa kompyuta. *Kuhamia* ni kwenda mahali papya, *kuhamisha* ni kubeba mizigo. Mpango wa kuhamia mfumo mpya usiotaja jinsi ya kuhamisha mafaili ni sawa na mtumishi aliyefika Dodoma, majalada yote yakabaki Dar es Salaam.

Sambaza

Kufikisha mfumo au sasisho katika mashine nyingi kwa utaratibu uliopangwa ni *kusambaza*. Wengine hupendelea *kueneza*, lakini kueneza hakuna orodha: habari huenea, moto huenea. Kinachosambazwa huhesabiwa, kama vitabu vya kiada au dawa kutoka bohari, na msambazaji huulizwa vimefika wapi.

Kusambaza kuna hesabu ambayo kusakinisha hakuna. Tuchukulie kwamba faili la kusakinishia Windows 11 lina gigabaiti 5. Kwa intaneti ya kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, mashine moja huchukua zaidi ya saa tano na nusu kulipakua. Mashine arobaini zikipakua kila moja kivyake kupitia njia hiyo moja, kazi itachukua zaidi ya siku 9, usiku na mchana, na katika siku hizo maabara haitatuma majibu wala ofisi haitasoma barua pepe. Njia ya busara ni kupakua mara moja, kisha kusambaza kwa diski mweko au kupitia seva ya ndani. Katika sentensi za Kiswahili, *pakua* basi iwe ya umoja na *sambaza* ndiyo ichukue wingi: *Faili lilipakuliwa usiku mmoja, kisha likasambazwa katika mashine 40.*

Mafundi huandaa kwanza mashine moja kamili, yenye mfumo na programu zote, halafu hunakili hali yake katika nyingine. Nakala hiyo baadhi huiita *imeji*. *Nakala kiolezo* ni bora, kwa kuwa *kiolezo* ni neno lililokuwepo tangu zamani la kitu kinachofuatwa ili vingine vifanane nacho, na mafundi seremala na cherehani wanalijua.

Mashine chache zinazopokea sasisho kabla ya nyingine ni *kundi tangulizi*. Sababu ya kuwa nalo ilionekana tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike lilipotumwa kwa wateja wote kwa mkupuo na kuangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5. Kundi tangulizi la taasisi ndogo linaweza kuwa na kompyuta tatu, mradi mojawapo isiwe ya mapokezi.

Nakala rudufu na chelezo

Nakala ya pili ya mafaili, iliyowekwa mbali na ya kwanza, huitwa *nakala rudufu*. Baadhi ya waandishi huiita *chelezo*. Neno hili la pili ni la pwani na linatokana na *elea*. Ni kile kinachoelea na kuonyesha mahali pa nyavu, na pia ni mahali meli hutengenezewa. Picha ya kitu kinachobaki juu wakati kingine kimezama inapendeza sana. Kwa Ugogo, ambako mvua ni chache na hakuna bandari, *nakala rudufu* litaeleweka na watu wengi zaidi, na hilo lipewe uzito kuliko uzuri wa picha.

Hapa pia panahitajika neno la kutaja mahali. *Eneokazi* ni uso wa kwanza wa kioo, ambako wengi huweka kila wanachofanya. *Kompyuta ya mezani* ni mashine yenyewe. Faili lililo kwenye eneokazi kwa kawaida limo katika diski ileile inayofutwa mfumo unaposakinishwa upya. Swali la "vitu vyangu" linajibika tu likitaja mahali.

Tangazo lifuatalo limeandikwa kwa msamiati uliopendekezwa hapa, na linaweza kunakiliwa:

*Jumamosi kuanzia saa 2 asubuhi, mfumo endeshi wa kompyuta za ofisi ya uhasibu utasakinishwa upya baada ya diski kufutwa. Kila mtumishi aweke nakala rudufu ya mafaili yake, yakiwemo yaliyo kwenye eneokazi, kabla ya Ijumaa saa 9 alasiri, na aweke saini kwa afisa TEHAMA kuthibitisha kwamba ameifungua nakala hiyo na kuiona. Kompyuta isiyo na saini haitaguswa.*

Ngeli. *Mfumo endeshi, mifumo endeshi* (U-I). Neno *endeshi* halibadiliki. *Toleo, matoleo* na *sasisho, masasisho* (LI-YA). *Kiraka, viraka* na *kiolezo, violezo* (KI-VI). *Kompyuta, seva, programu* (I-ZI). *Windows* huchukua upatanisho wa I-: Windows imegoma, Windows hii imeacha kutunzwa. *Faili, mafaili* katika LI-YA na *faili* katika I-ZI yote hutumika. Mwandishi achague moja katika waraka mmoja.